Nyuki Waliolala Kwenye Sere

Kamwokya, Kampala
15 Januari 2023

Shangazi Kavugho,

Pokea salamu zangu na za mwanao Tresor. Sijambo, isipokuwa mafua ya vumbi. Mwezi huu Kampala haijaona tone la mvua, na boda moja ikipita mbele ya nyumba inabidi unawe uso upya. Zulaikha amepita hapa na mzigo wake wa vitenge. Anavuka mpaka kupanda Butembo kesho, na ameapa kwamba barua hii ataifikisha mwenyewe hadi huko juu kijijini ambako simu hazishiki. Umpe chai. Siku hizi magoti yanamsumbua na yamemfanya mkali.

Dada Olivia amejifungua? Ulisema mtoto amekaa vibaya tumboni. Usisahau kunijibu hilo.

Tresor mzima. Amekonda, lakini ni kukonda kwa kukimbilia vibarua: leo anabeba saruji, kesho anafyeka kiwanja cha mtu. Ile jezi ya njano uliyomnunulia imekuwa ngozi yake. Nikiiomba niifue, ananiangalia kama mwizi.

Sasa jambo langu. Chuo kimekubali utafiti wangu wa mwisho. Nitasoma wadudu wanaoishi na kula kwenye sere. Usicheke. Sere ndilo jina la hapa la lile jani lenye mbegu nyeusi kama sindano, zinazong'ang'ania sketi ukipita shambani. Ua lake lina moyo wa njano na petali chache nyeupe kama meno ya mtoto. Nyuma ya vibanda vya hapa Kamwokya kuna kiwanja kitupu kilichojaa sere tu. Kwenye bua wamo vidukari, wadogo kuliko ufuta, wananyonya utomvu. Sisimizi wanawachunga kama ng'ombe na kuwapapasa ili watoe tone tamu. Kisha anakuja mdudu mwekundu mwenye madoa anayewala hao vidukari, na sisimizi wanamkimbilia kwa hasira. Ninaowapenda zaidi ni nyuki fulani wasio na mzinga. Wa kiume hawana kwao. Jioni wanakuja kwenye sere, kila mmoja analiuma bua kwa taya na kulala akining'inia hivyo, miguu imekunjwa, hadi jua la asubuhi limpashe. Ndiyo sababu naenda kabla ya jua, niwapige picha wakiwa bado usingizini.

Mlinzi wa vibanda ni Mzee Ocira, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini. Siku ya kwanza alinimulika tochi machoni.

"Wewe natafuta nini?"

"Nyuki, mzee."

"Nyuki iko kwa mzinga."

"Hawa hawana mzinga."

Akazima tochi. "Basi kama mimi tu," akasema. Tangu siku hiyo ananiamkia, na mkewe Lakica, anayeuza chai pale pembeni, hunimiminia kikombe.

Niombee.
Huguette


Kijijini, juu ya Musienene
3 Februari 2023

Huguette, mwana wa kaka yangu,

Tumeipata barua na tumemlisha Zulaikha hadi akalegeza mkanda. Olivia amepata msichana. Alitoka kwa miguu kama mtu anayeshuka lori, lakini wote wawili wako hai, na hilo ndilo la kusema. Maharage yameungua na jua. Mbuzi mmoja ameibwa, na kila mtu anajua nani kamla, hakuna anayesema.

Barua yako niliisoma mara ya pili kwa sauti, jirani asikie kwamba mtoto niliyemlea tangu wazazi wake wauawe njiani, leo chuo kinamtuma akaangalie nyuki usingizini. Alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka sana. Huku kwetu mtu akichuchumaa mahali pamoja kila alfajiri, watu huuliza anamvizia nani. Huko ni ugenini. Uwe unapitia mbele ya watu, wakuone, wakuzoee.

Tresor ni kitinda mimba wangu. Sikumtuma Kampala akabebe saruji. Nilimtuma ili wanaume wa porini wasimtie bunduki mikononi. Wewe ndiye mama yake huko. Akikosa, niambie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nakuomba hilo moja tu.

Shangazi yako


Kamwokya
27 Februari 2023

Shangazi,

Nafurahi kwa Olivia na msichana wake. Hapa hatuna furaha ya kukurudishia.

Jumapili ya tarehe 12 vibanda vya nyuma yetu viliungua. Nilikuwa kiwanjani alfajiri ile, chini kabisa karibu na mtaro, ambako sere bado ni mbichi. Niliondoka kabla jua halijatoka kwa sababu kwaya yetu ilikuwa na zamu ya ibada ya kwanza kanisani Makindye. Niliporudi mchana sikukuta kiwanja wala vibanda. Majani makavu yalishika moto, upepo ukausukuma hadi kwenye mbao. Akoth, fundi cherehani aliyekuwa akinishonea sare za kwaya, aliingia kuivuta mashine yake. Yuko hospitali. Mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, na madaktari hawasemi kama vidole vitafanya kazi.

Jioni hiyo hiyo polisi walimchukua Mzee Ocira. Juma lililotangulia alikuwa amegombana na wenye vibanda kwa kumcheleweshea ujira, na watu wawili wanasema walimsikia akiwaambia watajuta. Ametupwa rumande.

Lakica alikuja kwangu. Hakukaa.

"Wewe iko pale kila asubuhi," akasema. "Hapana ona mtu?"

"Sikuona mtu, mama."

"Angalia kichwani vizuri. Mume yangu nasema alikuwa anakunywa chai kwangu. Mimi nasema vilevile. Polisi nasema mke ni mke."

Nilimwambia kweli tupu: nilipiga magoti, nilitazama nyuki, sikuona mtu.

Shangazi, Tresor hayupo. Siku ya moto sikumkuta nyumbani. Aliacha ujumbe kwa jirani kwamba amepata kazi ya haraka Mbarara. Simu yake haishiki. Je, amefika kwako?

Huguette


Kijijini
25 Machi 2023

Huguette mwanangu,

Mvua imeanza, tunashukuru. Msichana wa Olivia wamemwita Kavugho, basi sasa tuko wawili, mmoja analia usiku na mwingine mchana. Paa la jikoni lililokuwa likivuja limetengenezwa vizuri. Mihogo tumepanda upande wote wa juu.

Pole kwa moto. Pole kwa yule fundi. Moto hauna adabu.

Nilikuwa nataka kukuuliza, wewe uliyesoma. Mtoto wa jirani ameungua mguu, kuanzia kifundo hadi karibu na goti. Tumempaka asali na majani, lakini upande mmoja haukauki na unanuka. Hospitali huko wanatumia nini? Ukipata dawa ya kupaka, mpe Zulaikha.

Barua za siku hizi zinapita mikono mingi, na vizuizini wanafungua mizigo. Usiandike majina ya watu ovyo.

Soma masomo yako. Ya polisi waachie polisi.

Shangazi yako


Kamwokya
16 Aprili 2023

Shangazi,

Salamu kwa wote, na kwa Kavugho mdogo. Dawa nimempa Zulaikha, pamoja na bandeji safi. Jeraha lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na dawa ipakwe kila siku. Muuza dawa aliniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia ni mtu mzima.

Naandika jina, kwa sababu bila jina siwezi kusema jambo hili. Zulaikha ameificha barua hii kwenye kitenge alichojifunga mwilini.

Wiki iliyopita nilizihamishia picha zangu kwenye kompyuta ya chuo. Nilitaka kukuza miguu ya nyuki, nione kama wana chavua. Nikafungua picha ya alfajiri ya tarehe 12. Nyuki amelala, taya zimelishika bua, mabawa yamejaa umande. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaikuza. Nyuma ya nyuki, juu kabisa kwenye kona ya kiwanja, mgongoni mwa vibanda, kuna mtu ameinama. Sura haionekani. Jezi inaonekana. Ni ya njano, na ana jerikeni mkononi, ameliinamisha juu ya majani.

Nilifunga kompyuta. Mwenzangu aliyekaa karibu aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, nikatoka.

Sijamwonyesha mtu. Uliniomba nikuambie wewe kwanza, nami nimekuambia. Lakini kila asubuhi napita kwa Lakica na ananimiminia chai. Sikuombi ila jibu moja: Tresor yuko kwako?

Huguette


Kijijini
9 Mei 2023

Huguette,

Sisi wazima. Mtoto wa jirani anaendelea vizuri na mama yake anakushukuru.

Nimeisoma barua yako na nimeitia motoni. Nilitaka kunyamaza, kisha nikaona kimya changu utakitafsiri.

Unasema jezi ya njano. Kampala nzima ina jezi ngapi za njano? Unasema jerikeni. Watu hawachoti maji? Simu zina saa, na saa za simu hukosea. Labda picha hiyo ni ya jioni, labda ya siku nyingine kabisa. Umeangalia wadudu hadi umeanza kuona miguu penye vivuli.

Sikiliza nikuambie. Baba yako na mama yako walipolala kando ya barabara ya Kasindi, nililetewa wewe umefungwa kwenye shuka la mtu nisiyemjua. Tresor alikuwa hajazaliwa. Nilikunyonyesha ziwa la Olivia, Olivia akalia. Sijawahi kukukumbusha hilo. Leo nakukumbusha. Mkimbizi akiingia kwenye gereza la watu hatoki na jina lake. Huyo mzee ana nchi, ana kabila, ana wenzake wa jeshini. Atatoka.

Futa hiyo picha. Ukishaifuta uniandikie mambo ya kwaya.

Kavugho


Kamwokya
28 Mei 2023

Shangazi yangu,

Nilitaka kuanza na habari za kwaya nikashindwa. Najua ziwa la nani lilinikuza. Hata usingenikumbusha, najua.

Lakini umenijibu mambo ya saa, na mimi lazima nikujibu, kwa sababu hayo ndiyo kazi yangu. Saa ya simu inaweza kukosea. Nyuki yule hakosei. Jioni wakija kulala wanakuwa wakavu, wanahangaika, wanagombea bua. Umande huwapata alfajiri tu, na jua likiwagusa wanajitikisa na kuruka. Nyuki wa kwenye picha ameloa hadi kwenye mabawa. Kwenye bua lake kuna uzi mwekundu. Nyuzi hizo nilizifunga Jumamosi jioni, ili nijue kama wanarudi kulala mahali pale pale, na Jumapili kila kitu kiliungua, na wao humo humo usingizini. Hakuna asubuhi nyingine ambayo picha hii ingeweza kupigwa. Nimejaribu kuitafuta, Shangazi. Nimekaa siku nyingi nikiitafuta hiyo asubuhi nyingine.

Nilikwenda rumande na Lakica. Mzee Ocira anakohoa. Hakuniuliza kama nimeona mtu. Aliniuliza kama sere imeota tena. Imeota, tangu mvua. Imefunika majivu yote, na vidukari wamerudi, na sisimizi wao. Nikamwambia. Akasema, "Vizuri. Wewe maliza shule."

Akoth ametoka hospitali. Mkono wa kulia hauwezi kushika sindano.

Sifuti picha. Kesi inatajwa tarehe 22 Juni. Ningependa Tresor aje aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba ilikuwaje. Siamini kuwa ni mtu wa kuchoma watu. Akija mwenyewe, nitasimama naye. Asipokuja, na nisipopata neno lolote kutoka kwako, siku hiyo nitampa picha wakili wa Mzee Ocira.

Nimeandika nikilia, lakini nimeandika.

Huguette


Kijijini
13 Juni 2023

Huguette mwanangu,

Yuko kwangu. Yuko kwangu tangu mwezi wa pili. Paa la jikoni alilitengeneza yeye, kwa mguu mmoja.

Barua yako niliificha siku tatu chini ya gunia. Jana wakati wa kula nikaitoa pamoja na ile ya mwezi wa pili iliyosimulia moto, nikamsomea zote, hata yale ya nyuki. Alikuwa akiendelea na chakula chake kama mtu asiyesikia. Nilipofika pale unaposema ulikuwa umepiga magoti chini karibu na mtaro, mkono ukasimama.

"Huguette alikuwa mle?"

"Alikuwa mle."

"Nilidhani ameshakwenda kanisani. Nilichungulia njiani, sikumwona mtu."

"Hukumwona kwa sababu alikuwa ameinama."

Akaweka sahani chini, akatoka nje. Aliporudi alisema yote, na mimi nakuandikia kama alivyosema. Msimamizi wa kiwanja alimpa kazi ya kusafisha pale kabla ya Jumatatu. Fyekeo likavunjika mpini. Akaona majani ya juu ni makavu, akafikiri amwage petroli kidogo pale kwenye kona, moto uteremke hadi kwenye mtaro na kufa wenyewe. Aliuchagua muda ule kwa sababu alijua Jumapili unaimba, hakutaka umwone akichoma wadudu wako. Upepo ukageuka. Aliupiga moto kwa jezi hadi jezi ikashika, ndipo mguu ukaungua. Kisha akamsikia yule mwanamke akilia ndani. Akakimbia. Hapo alipofika pa kukimbia alizungumza polepole sana.

Nikamwambia akae, nitatafuta njia nyingine. Akaniambia, "Mama, njia nyingine ndiyo hii tuliyokaa nayo miezi hii yote."

Anateremka na Zulaikha kesho kutwa. Atakwenda polisi mwenyewe, kwa miguu yake, na barua hii itafika pamoja naye. Msubiri. Usimpe mtu chochote kabla hajafika. Anataka kusema yeye kwanza.

Shangazi yako


Kamwokya
26 Juni 2023

Shangazi,

Barua yako ya tarehe 13 nimeipata juzi mkononi mwa Zulaikha. Anasema daraja lilisombwa, wakalala njiani siku baada ya siku, na mpakani wakazuiwa tena kwa sababu ya karatasi za Tresor. Simu ya Zulaikha ilikuwa imekufa.

Tarehe 22 nilikwenda mahakamani tangu asubuhi. Nilikaa kwenye ngazi. Kila mwanamume aliyechechemea nilisimama. Kesi ilipoitwa, nilimpa wakili picha.

Wakili aliionyesha siku hiyo hiyo, na jioni Kamwokya nzima ilikuwa ikizungumza juu ya jezi ya njano. Wenye vibanda walijua ni nani. Walikuja mlangoni kwangu, nikawaambia hayupo nchini. Nilikuwa nasema kweli niliyoijua.

Jumamosi alifika. Zulaikha alitaka wapitie polisi moja kwa moja kutoka kwenye basi. Tresor akasema apite kwanza aniombe radhi, dakika moja tu. Walimtambua kabla hajafika mlangoni. Nilisikia kelele nikatoka. Walikuwa wamemwangusha, mtu mmoja alikuwa na tairi, Shangazi, nakuambia kama ilivyokuwa, na Zulaikha anapiga kelele kwa Kinande na Kiswahili na Kiganda kwamba kijana anakwenda polisi mwenyewe, na hakuna aliyemsikiliza. Nilijitupa juu yake. Nilipigwa begani, si vibaya.

Aliyewazuia ni Lakica. Alikuja na birika la chai linalochemka mkononi, akasimama juu yetu.

"Nani anapiga, namwagia," akasema. Hakupandisha sauti. "Mume yangu iko ndani miezi hii yote sababu nyinyi mlisema, ni yeye, ni yeye. Leo mnasema tena, ni yeye. Huyu ndiye naweza kufungua mume yangu. Mkiua, nani atasema?"

Wakasita. Walisita vya kutosha hadi polisi wakafika.

Wamemwandika kwamba amekamatwa. Si kwamba amejisalimisha, amekamatwa. Wakili anasema tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa sana mbele ya hakimu. Kama ningengoja siku mbili.

Yuko hai. Jino moja limevunjika. Alipopandishwa kwenye gari aliniangalia, akataka kusema kitu, mlango ukafungwa.

Huguette


Kamwokya
30 Julai 2023

Shangazi,

Sijapata jibu lako. Mwenzake Zulaikha aliyeibeba barua ya mwezi uliopita anasema alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani. Sikulaumu. Naandika kwa sababu una haki ya kujua.

Mzee Ocira ametoka. Anatembea kwa kushika kuta, lakini ametoka.

Tresor alikiri kila kitu, hata yale ambayo hakuna aliyemuuliza. Zulaikha aliacha biashara ya mwezi mzima ili abaki kutoa ushahidi. Aliapa kwamba kijana alipanda basi kwa hiari, na kwamba mpakani walipomzuia angeweza kurudi nyumbani, akakataa. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama analipwa na familia. Akamwambia, "Familia hii hainipi hata chai ya moto." Hakimu alitabasamu, na ninafikiri tabasamu lile lilitusaidia. Amemfunga miaka miwili kwa uzembe uliojeruhi mtu. Wakili alikuwa akitarajia zaidi. Msimamizi wa kiwanja hakufika, anasema hajawahi kumwona.

Akoth alikuwepo. Tresor alimwomba radhi mbele ya wote. Akoth aliinua mikono yake, akaiweka juu ya meza iliyo mbele yake, akaiacha pale mpaka mwisho.

Wakati wa kumtoa, Mzee Ocira alisimama mlangoni.

"Wewe ndiye?"

"Ni mimi, mzee."

Nilifikiri atamtemea mate. Akasema, "Kule, omba lala mbali na mlango. Mlango iko baridi." Akamwachia njia.

Nilimtembelea Tresor wiki iliyopita. Mguu umepona. Nilimwambia kuhusu siku zile mbili, kwamba ilifaa ningoje. Akasema, "Ungengoja, mzee naye angengoja." Sijui kama amenisamehe au alikuwa anahesabu tu kwa sauti.

Kazi yangu ya chuo nimeiwasilisha. Ile picha sikuitia ndani.

Sina mtu mwingine wa kuniambia kama nilikosea. Wenzangu wa kwaya wote wananisifu, na sifa zao sizitaki. Niandikie hata matusi.

Huguette


Kijijini
19 Agosti 2023

Huguette,

Huku tuko kama tulivyo. Kavugho mdogo ameota meno mawili na anamuuma kila mtu.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza, mkono uliandika barua ya mama wa Tresor. Mara nyingine uliandika ya mtu aliyekulea. Haziwezi kukaa kwenye karatasi moja. Nimezichana zote.

Unaniuliza kama ulikosea. Nimemuuliza Mungu swali hilo hilo kuhusu mimi, ambaye nilikaa na mtoto wangu jikoni nikampaka asali huku mzee wa watu anakohoa. Hajanijibu, na wewe sitakujibu.

Nimeuza mbuzi wawili na nimepata karatasi za kuvukia mpaka. Tunateremka na Zulaikha Jumatatu, tutafika huko Jumatano asubuhi kama barabara itakubali. Barua hii inatangulia leo na dereva wa lori. Nataka nimwone mwanangu, na nataka nikamwone yule fundi wa mikono, nikae mbele yake, anitazame.

Uje stendi unipokee. Sijui nikikuona nitakukumbatia au nitakupita kama nisiyekujua. Nimejaribu kulijua hilo nikiwa hapa, nimeshindwa.

Ila uje. Usinifanye nishuke kwenye basi nisikuone.

Shangazi yako Kavugho